Yaya wa Nyumba ya Kona na Herufi Zake

Ukiwauliza watu waliokaa Woodley, Nairobi, miaka ile, katika vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba za wazungu, watakwambia moja kati ya mambo mawili. Kuna watakaosema Yaya wa nyumba ya kona alikuwa kibaraka, macho na masikio ya askari. Wengine wataapa kwamba alikuwa akiwalisha watu wa msituni, wale waliopigana na serikali. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta, mume wangu akiwa mpishi katika nyumba ile ile ambamo Yaya alikuwa akilea mtoto, na kwa muda mrefu niliyaamini yote mawili kwa pamoja. Asubuhi nilimwona kibaraka, jioni nikamwona mtu wa msituni. Na hapo katikati, mchana, nilikuwa nampelekea mwanangu Eseri akafundishwe herufi.

Jina lake sitalitaja. Sote tulimwita Yaya, hata waliomzidi umri, na mwenyewe hakutaka jina jingine. Watoto walipojaribu kumwita Mwalimu aliwakatiza kwa ukali.

"Mwalimu yuko shuleni. Hapa kuna shule? Hapa mnacheza na unga."

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye viatu vya raba vyeupe alivyopewa na memsahib. Viatu vile ndivyo vilivyonitia wasiwasi kwanza, kwa sababu havikuwa na sauti. Unafua nguo, unaongea na mwenzako habari za nyumbani, ukigeuka unamkuta amesimama na beseni lake, na hujui ameanza kusikia kutoka wapi. Hakuwa mtu wa kukohoa kabla ya kuingia mahali. Mama Trufena, mke wa dereva wa nyumba ya pili, aliniambia mapema kabisa, "Huyu akija hasikiki. Wewe unafikiri ni bahati tu?"

Jambo la pili lililotusumbua lilikuwa hili: kwa nini yupo? Siku zile za hali ya hatari Wakikuyu walikuwa wanaondolewa Nairobi, mmoja leo, kumi kesho, wanarudishwa makwao au wanapelekwa kambini. Mume wake mwenyewe alikuwa kambini, hilo tulilijua. Yeye alibaki. Askari walipita, wakaangalia kipande chake cha utambulisho, wakamrudishia, wakaenda zao. Sisi tuliotoka magharibi ndio tuliosukumwa na kuulizwa maswali marefu, na yeye Mkikuyu akaendelea kuanika nepi za mtoto wa mzungu.

Sasa utaniuliza, kama sikumwamini, kwa nini nilimpa mtoto? Nilimpa kwa sababu shule iliyokuwa karibu ilikuwa ya watoto wa wazungu. Ya kwetu ilikuwa mbali, na Eseri alikuwa mdogo mno kuiendea peke yake katika Barabara ya Ngong, malori ya askari yakipita. Baba Eseri ndiye aliyeamua.

"Mwache ajifunze," alisema. "Herufi haziumi."

"Herufi haziumi. Anayezifundisha je?"

"Kwani wewe una mwingine?"

Sikuwa na mwingine.

Alifundisha baada ya chakula cha mchana, mtoto wa mzungu akiwa amelala na memsahib pia amelala. Aliketi kwenye ngazi ya jiko, nyuma ya kamba za nguo, na shuka zilizoanikwa zikamficha. Mbele yake aliweka sinia kubwa la bati. Kila mtoto alikuja na konzi moja ya unga wa mahindi kutoka kwao, unga ukamwagwa kwenye sinia, ukasawazishwa kwa kiganja, na hilo ndilo likawa daftari. Mtoto aliandika kwa kidole. Akikosea, kiganja kilipita, kosa likaisha.

Hakuanza na A. "Mtoto ana haja gani na A kama yeye si Alisi?" alisema. "Mpe ya kwake kwanza." Kwa hiyo Eseri alianza na E, akakaa na E mpaka nikachoka kuisikia. Aliiona kwenye kitana changu kilichovunjika meno. Aliiona kwenye geti. Yaya alimwambia afumbe macho, akamwandikia mgongoni kwa kidole, naye Eseri akataja, "E! Hapana, F! Mguu wa chini hakuna!" na kujikunyata kwa kicheko.

Sisi mama zao pia alitupa kazi. "Ukiwa unapika, mwulize sufuria inaanza na nini. Usimfundishe, wewe mwulize tu. Akikosea nyamaza. Kesho mwulize tena." Nilijaribu nikipiga pasi nguo za memsahib. Shati? Soksi? Gauni? Nakiri ilinipendeza. Mimi mwenyewe nilisoma kidogo kanisani, nikajua kufuata wimbo kitabuni, lakini sikuwahi kufikiri kwamba soksi na shati ni ndugu.

Watoto wenyewe hakuwapenda, wala hakuficha. "Mimi sipendi watoto," aliniambia siku moja, akimpangusa mmoja kamasi. "Wana kelele. Ninachopenda ni ile siku wanajua." Na kweli, mtoto alipopata herufi mpya, uso wa Yaya ulibadilika, ukawa kama wa mtu aliyeletewa chakula. Dakika moja tu. Kisha akapitisha kiganja juu ya unga na kusema, "Haya, ingine."

Lugha yake ilikuwa kichekesho. Ulimi wa Kikuyu ulimnyima L. Alisema karamu, alisema rakini. Herufi yenyewe aliichora vizuri, imesimama kama mlingoti, na kuitamka hakuweza. Hakuona haya. "Mimi nitasema vibaya," aliwaambia watoto. "Nyinyi semeni vizuri." Nao wakapiga kelele, "La! Le! Li!" mpaka akawaonya wasimwamshe memsahib.

Wetu nao walikuwa na ugonjwa wao. Sisi watu wa magharibi, B inatutoka kama P, na Eseri alikuwa amelirithi hilo kwa baba yake sawasawa. Yaya alimwekea unga kidogo kiganjani, akakileta kiganja karibu na midomo.

"Sema P."

Eseri akasema. Unga ukaruka.

"Umeona? P ina upepo. Sasa sema B. B haina upepo, unga unakaa."

Eseri akavuta pumzi, akajitahidi, akasema. Unga wote ukamrukia Yaya usoni. Nilikuwa naangalia nikiwa kwenye kamba ya nguo, nikacheka. Yeye hakucheka. Alijipangusa, akaweka unga mwingine.

Lakini nilikuwa naeleza tulivyomshuku. Mbali na sinia, alikuwa na desturi ya kuwaambia watoto walete kitu kutoka nyumbani kinachoanza na herufi ya siku ile. Siku ya K vilikuja kikombe, kijiko, kofia, kufuli. Siku ya S ilikuja sabuni, ikaja sahani, na mtoto wa Mama Trufena akaleta sigara za baba yake. Vitu vikapangwa kwenye ngazi, kila mmoja akataja chake, halafu vikarudi.

Mama Trufena alinijia jioni ile, uso umekunjamana.

"Mama Eseri, wewe umefikiria hii maneno? Huyu mama hajawahi kuvuka mlango wangu. Lakini anajua niko na kufuli mpya. Anajua bwana yangu anavuta sigara gani. Kesho ataomba herufi ingine, aone kitu ingine."

"Ni mchezo wa watoto."

"Basi kwa nini asilete vitu vyake mwenyewe?"

Tangu siku hiyo kila kitu Eseri alichobeba nilikikagua kwanza, nikajikuta nimesimama katikati ya chumba changu nikikitazama kwa macho ya askari. Panga la kukatia majani, nikalisukuma chini ya kitanda. Koti la zamani la jeshi la kaka yangu, nikalikunja.

Halafu ule unga. Kila siku baada ya somo aliukusanya, akaumimina kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akaufunika. Konzi za watoto wote, siku baada ya siku. Yeye alikula jikoni kwa memsahib. Nani alikuwa anakula unga? Wakati ule kumpa mtu wa msituni chakula kungeweza kukufikisha kwenye kamba ya kunyongea, na unga ulikuwa wetu, umetoka kwenye magunia yetu. Mchana mmoja nilimfuata. Alipita ua wa michongoma, akaingia nyuma ya nyumba iliyokuwa tupu, wenyewe wameenda Ulaya likizo. Pale karibu na tangi la maji walikuwa wamekaa watoto wawili wadogo, wananywa uji kwenye vikopo. Mama yao alikuwa amechukuliwa kwenye lori. Nilirudi kimya, nikaona nimemdhulumu moyoni.

Nilipomweleza Mama Trufena alinitazama kama mimi ndiye mtoto. "Na baba yao yuko wapi?" aliuliza. Baba yao, kila mtu alijua, alikuwa msituni. Kwa hiyo mashaka yakarudi yakakaa mahali pake.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba kwa wazungu alijifanya hajui kusoma kabisa. Ilisemekana alikuwa amefundisha upande wa Kiambu, katika zile shule za wananchi wenyewe ambazo serikali ilizifunga. Mtu wa namna hiyo akijulikana, alikuwa anaondoka siku hiyo hiyo. Basi mbele ya memsahib alizishika chupa za dawa za mtoto kichwa chini, akazileta jikoni na kumwambia mume wangu, "Nisomee, mpishi, nisije nikaua mtoto wa watu." Baba Eseri, ambaye alikuwa anasoma kwa taabu, akazisoma kwa sauti huku Yaya akitikisa kichwa kwa shukrani.

Memsahib naye alikuwa na mashaka yake. Siku moja aliandika kwenye karatasi, kwa Kiswahili cha herufi kubwa, YAYA NYOKA IKO NYUMA YAKO, akaiweka mezani mahali ambapo Yaya angeiona akimlisha mtoto, kisha akakaa kwenye kiti na kitabu. Mume wangu alikuwa anapanga vyombo, akaisoma, mwenyewe akaruka. Yaya alimlisha mtoto mpaka bakuli likaisha. Akachukua ile karatasi, akamfutia mtoto uji kwenye kidevu, akaitupa.

Baba Eseri alinihadithia akicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilijiuliza, mtu anayeweza kukaa hivyo bila hata kupepesa jicho, sisi anatudanganya mambo mangapi?

Na Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku yake ya mapumziko. Alifunga kitambaa cha kichwa kizuri, akashika Barabara ya Ngong kwa miguu kuelekea mjini. Hakurudi na kitu, hata ndizi. Dereva, mume wa Mama Trufena, alimwona akiingia ofisi moja katikati ya jiji, askari wawili mlangoni, na askari hawakumzuia. Niliposikia hayo nilimwuliza, nikijifanya sina nia.

"Ulikuwa mjini, Yaya?"

"Nilikuwa."

"Kutembea?"

"Kutembea."

Akaendelea kukamua nepi.

Msako mkubwa ulipokuja, jiji zima lilizungushiwa askari. Wanaume walikalishwa chini kwenye viwanja, wakapitishwa mbele ya watu waliovikwa magunia kichwani yenye matundu ya macho, na waliotikisiwa kichwa wakapakiwa kwenye malori. Mwangi, aliyekuwa akitunza bustani ya nyumba yetu, alikuwa ametumwa mjini asubuhi ile, na hakurudi. Bwana, mume wa memsahib, aliuliza mara moja, akaandika mtu mwingine. Sisi tulisema basi, amekwenda.

Siku chache baadaye nilikwenda kuokota kuni kwenye michongoma nikamkuta Mwangi amekaa ndani yake, nguo zimechanika, midomo imepasuka kwa kiu. Alikuwa rafiki wa mume wangu. Walikuwa wakila pamoja, wakibishana juu ya mpira. Tulimwingiza chumbani kwetu tukamlaza nyuma ya pazia.

"Mbona umekuja kwetu?" nilimnong'oneza nikimpa maji. "Yaya ni mtu wa kwenu. Mngesikizana lugha."

Aliacha kunywa. "Kwa Yaya? Hapana, Mama Eseri. Kwa Yaya, hapana."

Na Yaya alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, ambao ukigeuza shingo kitandani jirani anajua.

Tulimwambia Eseri kuna mjomba mgonjwa, asimtaje kwa mtu. Akashika neno letu, maskini, hakumtaja. Lakini Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya P, na mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Aliangalia chumbani akitafuta kitu cha P. Akaona kiatu cha Mwangi kimejitokeza chini ya pazia, kile cha kazi, kikubwa, chenye soli ya tairi iliyoshonwa kwa waya. Kwa ulimi wetu kile kilikuwa puti. Akakikumbatia akaenda nacho.

Nilirudi na debe kichwani nikasikia watoto wakitaja vyao nyuma ya shuka. "Pasi!" "Pete!" "Pilipili!" Halafu sauti ya mwanangu, imejaa furaha: "Puti!"

Debe lilinitoka. Nakumbuka maji yalivyoniingia kwenye viatu. Kila mtu kwenye vyumba vile alikijua kiatu kile. Mwangi alikuwa akikisifu mwenyewe, kwamba hata mvua ya mawe haikiwezi. Na kila mtu alijua mguu wa Baba Eseri ni mdogo kama wa mwanamke.

Ndipo nikasikia sauti ya Yaya, ile ile ya kila siku.

"Umekosea herufi, Eseri. Hii ni B. B haina upepo. Leo hatutaki B. Nani mwingine ana P?"

Shuka likafunuka, akatoka. Kiatu alikuwa amekifunga ndani ya aproni yake. Alinipita pale kwenye maji bila kunitazama, akaingia chumbani kwangu kwa mara ya kwanza tangu tujuane, nami nyuma yake, akakiweka chini ya kitanda. Pazia hakuligusa. Nyuma yake mtu alikuwa akipumua kwa kujibana, na sote wawili tulikuwa tunamsikia.

"Mtoto wako ana akili," alisema. "Mfundishe B. Ukiwa na bakuli, mpe bakuli." Halafu, akiwa mlangoni: "Mpe upesi."

Nilimweleza mume wangu akakaa kitandani akashika kichwa.

"Amesema upesi?"

"Upesi."

"Anatuonya, au anatutisha?"

Tulibishana kwa kunong'ona mpaka Mwangi mwenyewe akatoka nyuma ya pazia. "Kama ameona, mimi naondoka," alisema. "Sikai hapa kungoja kujua ni lipi." Jumatano asubuhi Mhindi wa mboga alikuja na gari lake kama kawaida. Mume wangu alikuwa akinunua kwake miaka yote, na sijui waliambiana nini, lakini gari lilipoondoka lilikuwa na magunia matupu mengi kuliko lilivyokuja nayo. Mwangi alishuka Dagoretti, kwa wajomba zake.

Alhamisi Yaya alifunga kitambaa chake akaenda mjini.

Ijumaa askari walikuja. Hawakupita chumba hiki na kile kama siku zote. Walikuja moja kwa moja mlangoni kwangu. Walivuta pazia, wakapindua kitanda, wakamwaga hata unga. Mmoja alimwuliza Baba Eseri aliko Mwangi, na aliposema hajui akampiga kwa kitako cha bunduki sikioni. Alianguka juu ya jiko la makaa. Bwana alikuwa amesimama barazani mikono mfukoni. Yaya alikuwa karibu naye, mtoto wa mzungu kiunoni, anatazama. Uso ulikuwa ule ule wa siku ya karatasi ya nyoka.

Mume wangu mpaka leo sikio la kushoto halisikii. Ukitaka kumwambia kitu lazima uzunguke upande wa pili.

Nilimtoa Eseri kwenye sinia siku hiyo hiyo. Yaya hakuja kuuliza, na mimi sikumsalimia tena. Tulianika nguo kwenye kamba moja kama watu wasioonana. Lakini herufi zilikuwa zimekwisha kumwingia mtoto. Alisoma maandishi ya kwenye sabuni, alisoma vibao vya barabara, aliniuliza maneno nisiyoyajua. Kila aliposoma neno nilifurahi na kukasirika kwa pamoja, maana nilijua limetoka kwa nani. Wazungu wetu walipohama kurudi kwao, Yaya aliondoka. Asubuhi moja chumba kilikuwa wazi, kimefagiwa, na mkebe wa unga umeachwa juu ya dirisha, tupu, umeoshwa.

Sisi tulihamia Muthangari, mume wangu akapata kazi kwa watu wengine. Miaka ikapita. Watu wakaanza kutolewa kambini.

Nilikuja kumwona tena kwenye kituo cha mabasi mjini, nilipokwenda kumnunulia mdogo wake Eseri sare za shule. Nilikuwa nimekaza mwendo, nikasikia, "Mama Eseri." Nikageuka. Alikuwa amezeeka upesi. Amesimama kando ya benchi, na kwenye benchi amekaa mzee aliyekonda, koti limemzidi, furushi la nguo ameliweka pembeni yake mahali ambapo mtu mwingine angekaa. Mzee alikuwa anatazama mbele.

"Eseri anasoma?" aliniuliza kabla hata ya kunisalimu.

"Anasoma. Darasa la nne."

Ule uso wa dakika moja ukaja, ukaondoka. Nami nikaona nisipouliza siku ile sitauliza kamwe.

"Ni wewe ulitaja nyumba yangu?"

"Ni mimi."

Alisema hivyo hivyo, bila kupunguza sauti, mzee akisikia.

"Walikuwa wananiita kila Alhamisi," alisema. "Niseme nimeona nini, ndiyo nikae Nairobi. Nisiposema, narudishwa, na mama mkwe wangu na watoto wa dada yangu walikuwa wanakula mshahara wangu. Nikawa nawaambia habari za watu waliokwisha kwenda. Huyu alikuwa hapa, sasa hayuko. Wakaona nafanya kazi. Siku ile watoto wote waliona kile kiatu, Mama Eseri. Watoto wanasema nyumbani. Kama mwingine angepeleka habari na mimi nimenyamaza, tungekwisha wote. Ilikuwa lazima niseme. Nilichoweza ni kukuletea kiatu kwanza."

"Walimpiga mume wangu."

"Niliona."

"Hasikii sikio moja."

Alikaza kamba ya kikapu chake mkononi. Kama angeomba msamaha pale, nadhani ningeondoka. Hakuomba. Alimtazama mzee, kisha akanitazama mimi.

"Huyu ni bwana yangu. Ametoka juzi. Watu wamemwambia mambo yangu. Hakuna aliyekuwa pale isipokuwa wewe."

Mzee akanyanyua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa mekundu, yamechoka, na hayakuwa na huruma.

"Wewe ulikuwa jirani yake," alisema. "Niambie ukweli, mama. Huyu alikuwa upande gani?"

Mabasi yalikuwa yananguruma, makondakta wanapiga kelele za Nyeri na Murang'a. Nilimfikiria mume wangu anavyogeuza kichwa kama kuku mtu akimsemesha. Ningeweza kumlipa yule mwanamke kwa neno moja. Ningeweza pia kumsafisha kwa neno moja, lakini lingekuwa la uongo.

"Alitaja nyumba yangu kwa askari Alhamisi," nilisema. "Lakini mimi alikuwa amenijulisha Jumanne. Waliniachia bwana kiziwi. Lakini mtu waliyekuwa wanamtafuta hawakumpata. Yuko hai. Ameoa, ana watoto. Mimi sijui huo unaitwa upande gani, mzee. Mimi nakwambia nilichokiona."

Mzee alirudisha macho mbele. Yaya hakusogea.

"Huyo mtu," mzee alisema mwishoni, "anakaa wapi?"

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Dagoretti ilikuwa ulimini. Ndipo nikamtazama vizuri yule mzee nisiyemjua, koti si lake, katoka kambini juzi, na nani ajuaye alitolewa kwa kukubali nini. Nikafunga mdomo.

"Sijui," nikasema.

Alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole.

"Vizuri," alisema. Akainua lile furushi la nguo kutoka pembeni yake, akalipakata, na mke wake akakaa.